Chaki Imefutwa, Kitambaa Bado Kukatwa

Bunia, Shari,
tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa yaya Fulgence, mukubwa wangu,

Salamu nyingi toka kwetu. Uko aje huko Lubumbashi na watoto? Baridi ya mwezi wa sita haijawasumbua? Siye tuko wazima, Mungu anatusaidia, na Mama iko anakula.

Yaya, ulilia ku telefone, ukasema miale ya kutibu kansere itamuchoma Mama tumbo yote. Tulia. Na mimi niliogopa vile mbele ya kufika hospitali ya Kampala. Kumbe hawapigi ovyo! Kwanza walimulaza mu mashini ya muviringo, ikamupiga foto za ndani. Walimunywesha maji mingi na kumukatalia kukojoa, sababu kibofu kikijaa kinasukuma matumbo mbali na miale. Mama alikasirika kweli. Docta akatuonyesha: kansere iko ku shingo ya kizazi, haijapanda mbali. Wakamuchora alama za wino ku kiuno, ili kila siku alale pale pale, kisha tukarudi nyumba kungojea zamu yake ya miale.

Sasa sikia balaa. Unajua Mama na kazi yake ya kushona: nguo ikiisha, anafuta chaki. Siku ya Mungu, mbele ya kwenda misa, akaoga, akasugua alama zote na jiwe. Nikapiga yowe! Yeye akashangaa: foto imekwisha kupigwa, chaki inabaki ya nini? Nikamujibu, "Mama, umefuta chaki na kitambaa bado kukatwa!" Akakaa chini, akalia sana. Wagonjwa wanaongojea ni wengi, tuliwaza zamu yake imepotea.

Nikapiga telefone Kampala. Muganga wa hospitali akacheka kidogo tu. Foto iko, na mipango yote ya docta iko. Tufike siku moja mbele ya zamu, watamupiga foto ingine, walinganishe, wachore upya. Zamu yake iko! Nililia mimi sasa.

Tunaondoka kesho asubuhi. Mama mudogo Kaswera atabaki na nyumba. Utuombee njia.

Salimia shemeji Dorcas, na umubusu mutoto Michée. Kaswera anakusalimia pia. Mungu awafunike na mukono wake.

Ni miye mudogo wako akupendaye,
Aimée

N.B. Kitambaa ya shati yako iko juu ya meza ya Mama. Ameichora na chaki leo, na amekataza mutu kuigusa. Anasema atarudi kuikata yeye mwenyewe.