Shangazi Alipoukosa Ugoro

Ngao, Alhamisi, 1957

Chafya ya shangazi ingali masikioni mwangu. Aliipiga leo mbele ya wazee, kule shambani ambako mafuriko yamefuta mipaka.

Mimi ndiye niliyemwachisha ugoro tangu Jumapili, kwa ajili ya kifua chake. Wazee walipomuuliza mpaka wetu, akababaika. Jirani tunayepakana naye akacheka: "Mama, kama hukumbuki, basi shamba hilo ni langu!"

"Nipeni ugoro kwanza," akasema. Akanusa, akapiga chafya, kisha akataja kila mti wa mpakani hadi mtoni. Shamba likabaki letu.

Kichwa gani kile! Ugoro haukumpa kumbukumbu. Kuukosa ndiko kulikomvuruga. Lakini akijaribu kuacha tena, na jirani yule...

Nimekwisha kuyaandika yote aliyoyataja, na wazee wametia alama za vidole gumba. Sasa anaweza kuacha bila hofu.