Nyigu Waliosubiriwa Lupepo

Jumatatu, 5 Septemba 1994
Kijijini Lupepo tena, kukagua mashamba. Baiskeli, ukungu, tope. Kabichi za Mama Subilaga zimekuwa chekeche. Anapulizia dawa kila wiki na viwavi hawafi. Wanaokufa ni nyigu wadogo wanaowaua viwavi. Nimemwambia aache kupulizia, asubiri nyigu warudi. Akanipa chupa yake ya dawa. "Kaa nayo wewe, mwanangu, nisije nikashawishika." Chupa imetoka dukani kwa mume wangu, Hashim. Nimerudi nayo Tukuyu kwenye kikapu.

Jumatano, 7 Septemba
Hashim ameiona chupa. Tumegombana. Tangu biashara binafsi iruhusiwe ameacha cherehani ya baba yake, akafungua duka la pembejeo. Analipenda duka lile. Nikamweleza tulichofundishwa kwenye semina: jani likitafunwa na kiwavi hutoa harufu, nyigu huifuata, hutaga yai ndani ya kiwavi.
"Umeona kwa macho yako?"
Sijaona. Nina hasira naye kwa sababu ameuliza swali la haki.

Jumamosi, 10 Septemba
Nyigu hakuna. Viwavi wameongezeka. Nimelala kifudifudi kati ya matuta nikinusa majani. Lililotafunwa ni kali, linapanda puani kama haradali. Zima halina kitu. Majirani walisimama njiani kumtazama bibi shamba aliyerukwa na akili. Mama Subilaga hakucheka. "Mimi nakusubiri wewe, si nyigu." Lori la Dar la kununua kabichi linakuja mwisho wa mwezi. Hana shamba lingine.

Jumanne, 13 Septemba
Wamekuja! Chini ya jani, kiwavi amekauka, pembeni yake kifuko cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Nyigu anakua humo. Nikageuka kumwita Mama Subilaga, kumbe yeye anavipondaponda kwa kidole gumba, tuta zima. Alidhani ni mayai ya viwavi. Nilimpigia kelele. Mtu wa umri wa mama yangu.
Akakaa chini. "Ningejuaje? Hukuniambia."
Kweli sikumwambia. Aibu. Nimechukua vifuko vichache kwenye chupa ya jamu.

Jumapili, 18 Septemba
Nyigu wametoka. Weusi, wadogo kuliko sisimizi. Hashim alipofunga duka kwa sala ya adhuhuri nilimngoja arudi. Nikalaza kioo cha chemli mezani, jani zima upande huu, lililotafunwa upande ule, nyigu mmoja katikati, vitambaa vikiziba midomo yote miwili ya kioo.
Nyigu akaenda kwenye jani zima. Nilitaka kulia. Akasimama, vipapasio vya kichwani vinatetemeka, akageuka, akatembea kioo chote hadi kwenye lililotafunwa, akabaki hapo akiligonga kwa vipapasio vyake. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu hakusogea kabisa.
"Kumbe jani linaita," Hashim akasema. Kisha: "Na dawa yangu inawaua hawa?"
"Inawaua."
Akaenda kufungua duka. Mteja alikuwa anangoja. Nilimsikia akimuuzia chupa.

Jumatatu, 19 Septemba
Hatusemeshani.

Jumamosi, 24 Septemba
Mvua ya ghafla. Nyigu watasombwa? Nimezunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hashim kaniambia nikae. Sikukaa.

Ijumaa, 30 Septemba
Lori limekuja. Mnunuzi amekataa kabichi za upande wa mtoni, zilizotobolewa hadi moyoni. Nyingine, Mama Subilaga amezibandua majani ya nje, ndani zimefunga vizuri. Hizo mnunuzi amezichukua. Si mavuno mazuri. Ni mavuno.
Hashim alikuja kusaidia kupakia. Sikumwita. Mama Subilaga akamwambia mbele yangu, "Baba, usiniuzie tena dawa kabla bibi shamba hajaangalia shamba." Akaitikia, "Sawa, mama." Kwangu Mama Subilaga akasema, "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.
Tulirudi tukisukuma baiskeli mlimani. Njiani Hashim akauliza vifuko vyeupe vinaonekana baada ya muda gani. Nikamweleza.
Kesho Kinyala. Huko wamepulizia tangu kipupwe kilipoanza. Sijui kama amebaki nyigu hata mmoja wa kusikia jani likiita. Nimejaza upepo tairi la nyuma. Nitaenda hivyohivyo.