Pingili Isiyo na Jicho

Jumanne, 5 Februari 1957

Dawa ya kusafishia filamu za eksirei ilikuwa moto mno tena. Picha mbili zimeharibika. Kifua, kifua, mkono uliovunjika, kifua. Kisha mtoto kutoka Ruiru, Njoki, miaka saba. Mama yake huchuma kahawa kwenye shamba la Mzungu. Mgongo unamuuma mtoto, halali usingizi. Nikamuuliza mama ni wapi. Akaweka kiganja kiunoni mwa Njoki, pale mzigo wa kuni unapokaa kamba yake ikiwa kichwani. Njoki akafungua mdomo. "Nyamaza, mwalimu anafanya kazi," mama akamwambia. Ananiita mwalimu kwa sababu ya viatu vyangu. Nikaelekeza mashine kiunoni. Picha ilitoka safi sana. Niliifurahia.

Jumatano, 6 Februari

Daktari hakuona kasoro kwenye picha. Anasema TB ya mgongo ikianza haionekani. Hapa Thika karibu kila mtoto mwenye mgongo mbovu tunasema ni TB, na mara nyingi ni kweli. Njoki amewekwa kwenye kitanda cha plasta iliyokauka kama ganda, chali, asigeuke. Kwa miezi kadhaa.

Alhamisi, 14 Februari

Mtoto analia akilazwa. Akiinuliwa kidogo, ananyamaza. Nimemsikia kutoka chumba cha giza ninamosafishia filamu, mlango ukiwa umefungwa. Nesi Ruth, ninayelala naye chumba kimoja, anasema amedekezwa. Nikasema labda kuna kitu. Akacheka: "Wewe na mifupa yako! Utaolewa na hiyo mashine." Kazi yangu ni kupiga picha, kuisoma ni kazi ya daktari. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Ijumaa, 22 Februari

Ruth alikuja mbio asubuhi. Amemfinya Njoki kidole cha mguu, hakuuvuta. Tangu jana hajakojoa.

Nikaenda wodini. Nikapiga magoti karibu na kitanda nikamuuliza yeye mwenyewe, kwa Kikuyu, ni wapi panapouma. Alinitazama kana kwamba nimemtania. Mkono ukaenda nyuma ya shingo, ukajaribu kushuka kati ya mabega, plasta ikauzuia.

"Ni huku juu. Kiuno ndicho kinachomuuma mama."

Tulimtoa kwenye plasta. Nikapiga upya, juu.

Katika picha, kila pingili ya mgongo ina macho mawili, kama uso wa bundi. Nilihesabu nikishuka. Kati ya mabega kuna pingili mbili zisizo na jicho la kushoto. Limelika. Na nafasi kati ya macho, pale yaliposalia, imepanuka.

Daktari aliiweka picha kwenye kisanduku cha taa. Akasema si TB. TB huanza mbele ya mfupa na kula mto ulio kati ya pingili. Hii mito ni mizima. Kuna kitu kinakua ndani ya mfereji wa mgongo, unamopita uti wa mishipa ya fahamu, na kusukuma kila upande. Uvimbe. Akauliza kwa nini picha ya kwanza haikufika huku. Nikasema nilipiga pale nilipoonyeshwa. Ni kweli, na ni aibu.

Jumamosi, 23 Februari

Nairobi, kwa gari la hospitali. Mama hana kibali ambacho Mkikuyu hudaiwa kuingia mjini wakati huu wa Hali ya Hatari, na ofisi ya kutoa vibali imefungwa hadi Jumatatu. Mimi ninacho cha kazi. Akaniwekea mtoto mapajani. "Umuulize yeye, mwalimu. Mimi sitasema tena." Sikuweza kumtazama.

Huko walimchoma sindano kiunoni wakatia mafuta yanayoonekana kwenye eksirei. Kisha meza ikainamishwa, kichwa chini, mafuta yatiririke kuelekea shingoni. Nilimshika kichwa. Yalipanda vizuri, yakafika chini ya mabega yakasimama, kama maji ya mfereji yaliyokuta jiwe. Hata tone halikupita.

Wamempasua jioni hii hii. Uvimbe umetoka wote. Daktari wa upasuaji anasema si wa kansa, haukuwa hata mgumu kuutoa. Uti ndio uliobanwa muda mrefu mno.

Ijumaa, 8 Machi

Miguu bado.

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda kanisani. Najua Mungu husamehe. Sijui kama miguu husamehe. Laiti ningaliuliza swali moja tu, kwa mtu aliyekuwa amefungua mdomo tayari.

Jumanne, 14 Mei

Njoki ameletwa kwa picha. Analala usingizi sasa, usiku kucha. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kinasogea akikikazia akili. Mengine hayajarudi, na daktari haahidi. Mama alimbeba mgongoni kutoka barabarani.

Njoki aliomba kuona picha. Nikamwonyesha macho ya bundi na yale mawili yasiyopo. Akacheka: "Bundi wangu anakonyeza!" Mama hakucheka, nami sikucheka. Kisha tukacheka kidogo.

Mama alipoinama kumchukua, niliona akishika ukingo wa meza. Nikamwomba alale pale yeye. Akakataa, akasema haumwi kitu. Nikauliza ni wapi.

Njoki ndiye aliyejibu. Akaweka kiganja kiunoni mwa mama yake. "Ni hapa."

Nikaelekeza mashine hapo.