Bastola Niliyoiandika Kitabuni

Waithaka, Jumatano jioni

Dada yangu Nasimiyu,

Mulembe sana. Mko wazima? Goti la Mama linasemaje na baridi hii? Na ile cherehani, bado unaikanyaga huku ukiitukana kama mke mwenza? Mimi niko salama, nimenenepa kidogo, na mama wa mboga hapa Waithaka anasema nimekuwa mtu wa kutazamwa. Usicheke. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu kujisifu unakata, halafu unasingizia mtandao. Barua huwezi kuikata, labda uitie jikoni.

Mpaka juzi nilikuwa bado soja kule Kilimani, jumba la orofa kumi, zamu ya mchana. Geti lile lilikuwa langu. Nilikuwa na rungu, firimbi na kitabu, na katika hivyo vitatu kitabu ndicho kilichoogopwa. Kila fundi aliyeingia nilimwandika na vyombo vyake: nyundo mbili, msumeno mmoja, drili moja. Akitoka tunahesabu tena. Kuna fundi wa mabomba nilimrudisha mpaka orofa ya nane kwa ajili ya spana isiyozidi kidole changu. Alitukana ukoo wetu wote, nikamwambia ukoo unamsalimia. Lakini hiyo ndiyo amri tuliyopewa na wakaazi: chochote kinachoweza kuibwa au kuumiza mtu kiandikwe.

Sasa sikia. Orofa ya tano anakaa mfanyabiashara mmoja, sisi masoja tunamwita Mkubwa kwa sababu jina lingine haitikii. Ana bastola na ana kibali chake. Hilo sina neno nalo. Ila shati analichomeka upande mmoja tu makusudi ili ionekane, kama mtu wa viatu vipya anayetembea akiinua suruali. Akienda kununua maziwa, bastola. Akishuka kutupa takataka, bastola. Na nikuambie ukweli, nilikuwa namwonea wivu. Kibandani kwa chai ni mimi niliyepiga kelele kuliko wote kwamba masoja tupewe bunduki, kwani jambazi haogopi rungu.

Jumamosi mchana kulikuwa na sherehe ya mtoto kando ya kidimbwi cha kuogelea. Mimi niliitwa kubeba viti. Mkubwa akaketi, chuma kikamfinya kiunoni, akakitoa akakiweka mezani, katikati ya soda na keki. Mezani pa watoto, dada! Kuna binti wa miaka mitano, wa orofa ya pili, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshaigusa wakati Mercy, dada wa kazi anayemlea, alipomnyakua kwa nguvu mpaka kiatu cha mtoto kikaanguka majini. Mkubwa akacheka. Akasema imefungwa, haiwezi kulia, na watoto wa siku hizi wafunzwe kutogusa mali ya watu.

Nilienda getini nikarudi na kitabu. Mguu ulinipeleka wenyewe.

"Mkubwa, hii haikuandikwa ulipoingia."

"Ati nini?"

"Kila chombo kinaandikwa. Hata nyundo."

Akaichukua, akanigonga nayo kifuani mara mbili, polepole, kama mtu anayebisha hodi. "Andika basi, kijana. Na uandike jina lako hapo chini."

Niliogopa, lakini kalamu nilikuwa nayo. Niliandika: bastola moja, nyeusi, mezani karibu na keki, mtoto ameigusa, soja amegongwa nayo kifuani. Saa nane na dakika kumi. Nikaweka jina langu.

Jumapili alasiri wakaazi wakafanya mkutano pale kwenye maegesho. Ungewasikia! Mmoja alisema bila silaha tumekwisha, polisi hufika mwizi akiwa ameshakunywa chai. Wakili wa orofa ya saba akasema kibali ni cha kubeba imefichwa, si cha kupambia meza. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza ni jambazi gani aliyekuwa anatarajiwa kwenye keki. Mwingine akasema dawa ni soja wapewe bunduki, wote wakageuka kunitazama kama mbuzi anayekadiriwa uzito. Hakuna aliyeniuliza mbuzi anaonaje. Halafu Mkubwa akasimama akasema hakuitoa kabisa, watu waliona pochi yake ya simu.

Mwenyekiti wa wakaazi aliomba kitabu. Akasoma kimyakimya, akanivuta nyuma ya nguzo. Akasema huu ukurasa unaharibu ujirani, niuchane, na yeye atahakikisha jina langu linakuwa la kwanza kupelekwa mafunzo ya silaha. Buti mpya, sare mpya, bunduki. Mimi Barasa! Sitakudanganya, nilijiona kabisa. Halafu kifua kikanikumbusha.

Nikarudi mbele ya watu. "Spana ya fundi mnataka ihesabiwe," nikawaambia. "Hii imeguswa na mtoto, mnataka ichanwe. Mimi sichani."

Mkubwa akasema hawezi kufundishwa na kijana aliyetoroka shule. Ni kweli nilitoroka kidato cha pili, wewe unajua hadi dirisha nililopitia, lakini kuhesabu bastola moja hakuhitaji cheti. Nikamjibu hivyohivyo. Wengine walicheka, mwenyekiti hakucheka.

Kumbe Mercy alikuwa ameshuka. Mwajiri wake, mzazi wa yule binti, alikuwa amemwambia abaki juu na asijiingize. Alikuja na leso yake kiunoni, hakusalimia mtu, akaniomba kalamu. Chini ya jina langu akaandika kwamba alikuwepo na ndiye aliyemvuta mtoto. Mwajiri wake akaichukua kalamu mkononi mwa Mercy akaandika jina lake pia. Akafuata mwalimu. Tulifika majina saba. Mkubwa akaondoka kabla ya la nane.

Walichoamua? Kwamba bastola isionekane tena pale chini, na mengine yajadiliwe. Jumatatu nikaitwa ofisini kwa waajiri wangu. Nimehamishwa Spring Valley, nyumba ya mzee mmoja mwenye mbwa wawili na asiye na mgeni hata wa kuuliza njia. Wanasema ni uhamisho wa kawaida. Kawaida ya nani? Redioni kila asubuhi wanabishana nani apewe bunduki na nani anyang'anywe, wote wana sauti nzuri, na sijasikia hata mmoja aliyegongwa nayo kifuani akiwa kazini.

Nisalimie Mama, lakini ya kifua umruke, msomee ya kitabu. Msalimie shemeji, mwambie ng'ombe wake ataota ndoto mbaya akimkamua jioni sana. Nyanya yetu, Kukhu, mwambie mume wake mdogo, yaani mimi, bado hajaoa huku, anamngoja yeye. Watoto wako wasigombanie kuisoma hii barua, waanze na mkubwa.

Mercy alinipigia leo. Kazi yake bado anayo, nimeshukuru Mungu. Nimemuuliza Mkubwa yuko wapi. Ameniambia yuko orofa yake ya tano, na shati siku hizi analivaa refu.

Mimi ndiye niliyeandika, nikahamishwa. Aliyeandikwa yuko kwake. Sijutii, lakini hasira haijaisha, na nisipokuambia wewe nitawaambia mbwa.

Ni mimi ndugu yako,
Barasa, soja wa rungu