Usiku Uliponihamisha Kwenye Upepo

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sauti yako nimeanza kuisahau, wala sijuti. Iliyobaki masikioni ni sauti ya zipu. Zipu ya chandarua cha bembea yako ya kulalia, ukiifunga kutoka ndani, taratibu, mpaka mwisho, usiku ule tulipopiga kambi ufukweni upande wa Magu. Kisha ukashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi njema. Mimi nilikuwa kando ya jiwe, nikipiga mbu.

Unakumbuka tulivyoondoka Mwanza? Ilikuwa ile miezi ya kabla ya mvua, joto limeukalia mji kama kifuniko. Mama alikataa tuende wawili peke yetu kwa kuwa hatujaoana, ndiyo maana tukaongozana na Nyamizi, binti wa baba mdogo. Njia nzima ulitufundisha namna ya kulala vizuri kwenye joto. Mtu asijinyooshe kwenye bembea kama maiti kwenye sanda. Alale mshazari, mgongo utatulia na hewa itapata pa kupita. Nguo iwe ya pamba, tena pana. Maji yanywewe mapema, siyo mtu anakumbuka kiu akiwa ameshapanda. Uliyasema haya kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na sisi tukawa wanafunzi ambao tangu kuzaliwa hatujawahi kulala.

"Shemeji," Nyamizi akakuuliza, "hilo joto huko kwenu Arusha mlilipata wapi mpaka ukalisomea?"

Ulicheka. Nyamizi hakucheka.

Ulikuwa na bembea mbili. Moja ilishonewa chandarua humo humo, hiyo ikawa yako. Ya pili ilikuwa kitambaa kitupu, hiyo ukanipa mimi. "Wewe mtoto wa ziwa," ulisema, "mbu wa hapa umewazoea." Nikapokea, tena kwa tabasamu. Enzi zile nilikuwa nimezoea mengi. Nilizoea kichwa cha sato, kwa kuwa ulishaamua kwamba watu wa ziwa tunapenda vichwa, nawe ukamaliza minofu. Nilizoea kukusubiri juani, kwa kuwa ulishaamua kwamba jua la hapa linanijua.

Ukachagua kufunga bembea yako kwenye miti ya kando ya lile jiwe kubwa, maana hapo picha ilitoka vizuri. Nikakuambia jiwe hilo limekula jua mchana kutwa, usiku litalitapika. Nikakuambia usitegemee upepo wa ziwani, ule ni wa mchana. Usiku upepo hugeuka, hutoka nchi kavu ukaelekea majini, na jiwe lingekukinga usikufikie.

"Mpenzi, nimesoma," ukajibu.

Umesoma! Mimi nimekulia Butimba kabla wazazi hawajarudi Kisesa, dirisha la chumba changu likifunguliwa na kufungwa kufuata upepo huo huo, nawe unaniambia umesoma.

Sikubishana. Nikafunga yangu mbali na jiwe, pale penye uwazi, kati ya miarobaini miwili. Nikachelewa kuoga makusudi, nikalowesha kitenge, nikakikamua, nikajifunika mabegani. Nikalala mshazari, maana hilo ulilisema kweli na sitakunyang'anya. Upepo wa nchi kavu ulipoanza, kitenge kikawa baridi mgongoni na mbu wakakosa pa kutua. Nikatazama juu kupitia majani nikawaza: nimwite aje aone palivyo pazuri. Hapo ndipo panaponiuma. Nilikuwa natafuta namna ya kukugawia.

Ukaja mwenyewe kabla sijaita, fulana imekuganda mwilini.

"Umelala?"

"Bado."

"Kule hakukaliki. Tubadilishane."

"Huku miti ni hii miwili tu."

"Si ndiyo maana nasema tubadilishane? Mimi joto silijui, mama. Wewe umezoea."

Nikafungua kamba zangu. Wewe ulishika tochi, ukanimulikia ili nifungue haraka, na moyoni nikakuona mtu mwenye msaada. Ukafunga bembea yako yenye chandarua mahali ambapo upepo peke yake ulitosha kufukuza mbu. Mimi na kitambaa changu kitupu tukaenda kwenye jiwe, lililokuwa na moto kama chungu kilichoepuliwa muda huo huo, wala hapakuwa na upepo wa kutikisa hata nywele. Ndipo nikasikia zipu.

Nyamizi alikuwa ametandika mkeka wake karibu na maji. Akainua kichwa.

"Dada, umefukuzwa?"

"Tumebadilishana nafasi."

"Mh. Na chandarua mmebadilishana?"

Nikaua mbu shavuni.

"Huyu ndiye anayekuja kutuletea ng'ombe?" akasema. "Njoo ulale huku. Afadhali ungeolewa na jiwe, lenyewe limekupa joto bila kukuomba kitu."

Alisogea, akanipa nusu ya mkeka. Wewe ulikuwa ukikoroma.

Asubuhi uliamka ukajinyoosha, ukatangaza kwamba umelala kama mtoto. "Si niliwaambia?" Uso wangu ulikuwa umevimba kwa mbu, ukaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Siku hiyo hiyo ukabandika mtandaoni ile picha ya kando ya jiwe, na chini yake maneno: kaeni mbali na mawe, usiku upepo hutoka nchi kavu, haya nimeyagundua mwenyewe. Watu wakakupongeza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mgunduzi amepigwa picha akiwa amening'inia pale pale anapowakataza wenzake. Mimi niliyekuambia hayo niliyasoma nikiwa nimejipaka dawa ya kuwashwa, na ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu safari ile. Kicheko hicho kilinitisha, maana hakikuwa na upendo ndani yake.

Nikutendee haki. Bibi alipofariki ulikuja Kisesa kabla ya walimu wenzangu, ukabeba viti, ukachota maji, ukakesha nje na wazee bila kulalamika. Naliandika hili ili usije ukasema sikuona jema lako. Nililiona, nikalitumia miaka miwili kama kitenge, nikifunikia kila kitu kingine.

Nimejitafutia hasira sikuipata. Hasira humtaka mtu mwenye uzito. Kilichobaki ni dharau, nayo ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Naamka nayo, nafundisha nayo, nalala nayo usingizi mzuri. Wakati mwingine nakuwaza ukimweleza mtu mwingine namna ya kustarehe, na nakubali kwamba somo hilo kweli unalijua. Hujawahi kujifunza lolote zaidi ya starehe yako.

Shangazi aliwaambia wazee wako kwamba siku ya mahari imesogezwa kwa sababu za kifamilia. Alisema hivyo kwa adabu yake. Ukweli ni kwamba nilikwenda Kisesa peke yangu, nikamkuta baba anapukuchua mahindi uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hukutuma habari?"

Nikamwambia sitaki waje. Akaweka gunzi chini.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, baba."

"Sasa nikawaambie wazee wenzangu kosa lake ni lipi?"

Ilinibidi nimweleze baba yangu, mzee aliyekwisha kuozesha mabinti wawili, habari ya upepo. Maneno yalikuwa madogo mno mdomoni. Nikasimulia mpaka zipu, nikaona aibu.

Baba akapangusa mikono magotini.

"Na wewe ukahama?"

"Nilihama."

Hakunigombeza. Alichukua simu, akampigia shangazi nikiwa nimesimama pale pale: "Waambie wasifunge safari. Binti amekataa. Wakiuliza sababu, waambie ameamka."

Kwa hiyo hakuna kilichosogezwa. Uchumba ule umevunjwa. Pete yako nimeipeleka mwenyewe Mkolani kwa shangazi, nyumba unaijua. Tuma mtu akaichukue mchana. Usije wewe, wala usimpe maelezo ya kuniletea.

Buriani,

Binti wa mzee wa Kisesa, ambaye si mchumba wako