Kipande Changu cha Mfereji

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Tindiga tuko salama, bibi yako anakusalimu na mpunga umechanua. Unaniuliza kama uandike gazetini juu ya mtaro mchafu wa mtaani kwenu.

Wakati wa ujamaa, gazeti lilitoa maoni kwamba kijiji chetu ni cha wavivu, mfereji wa mashamba umeziba. Tulikasirika! Darasa zima la kisomo cha watu wazima mimi ndiye niliyewashinda kusoma, basi nikaandika jibu zito: “Mfereji wetu ni safi, maji yanafika kila shamba!” Nikalisoma mkutanoni, wakapiga makofi.

Jirani yangu Mama Salima akasimama. “Baba Shabani, umeandika vizuri. Na kipande chako chenye matete mbona hukukiandika? Mpunga wangu huko chini unakauka.”

Kila kaya ilikuwa na kipande chake cha kusafisha. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Barua nikaitia mfukoni, nikachukua jembe. Wenzangu wakaona aibu, wakaja na yao. Siku ya tatu maji yakafika kwa Mama Salima. Ndipo nikaipeleka barua posta ya Kilosa bila kufuta hata neno moja, maana sasa ilikuwa kweli tupu.

Andika, mama, kipaji umekirithi kwangu. Ila mtaro wa mbele ya mlango wako ukoje?

Babu yako, kwa mkono wangu mwenyewe.