Edina Asisubiri Dawa Yangu

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Umeamkaje? Kifua kinakusumbua bado na baridi ya asubuhi ya Kituntu? Mimi mwili mzima, ila upweke unanimaliza. Huku ugenini watu wanaishi mlango kwa mlango na hakuna anayebisha hodi. Ile akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, uliyonifungia ili niwape wageni watafune, iko mezani kwenye kikapu chake, mgeni hajaja. Jumapili nilijikaribisha mwenyewe, nikatafuna, nikalia.

Mama, jana kaka kanipigia, anasema mdogo wetu Edina kagoma kwenda Mwanza kupasuliwa moyo. Eti, “Dada anatengeneza dawa, kisu cha nini?” Na wewe unamuunga mkono! Jamani, nani kawaambia hivyo?

Najua ni ile video niliyowatumia, ya seli za moyo zikidunda kwenye kisahani cha maabara. Kumbe mmeionyesha hadi kanisani!

Ngoja nikueleze kwa mambo ya kibanjani, kwenye migomba yetu. Moyo unapoumbika huwa na seli changa, kama machipukizi ya mgomba. Ndani yake kuna vitu vidogo mno, tunaviita mikroRNA, ambavyo husaidia kuamua seli ziendelee kuongezeka au zitulie zikomae. Ni kama wewe na panga lako: unabakiza mgomba mama, mtoto na mjukuu, mengine unang'oa ili mkungu unenepe. Juzi nilizuia mikroRNA moja. Seli zikaongezeka, zikajaa kisahani, nikacheka peke yangu kama mwehu. Lakini hakuna hata moja iliyodunda. Machipukizi tele, mkungu hakuna. Basi tunaanza upya.

Kazi hii nitazeeka nayo, mama, na hata ikifanikiwa haitaziba vali ya moyo wa Edina inayovuja. Hiyo inamtaka daktari wa upasuaji, naye yuko Mwanza, hayuko huku.

Nakusihi, mfungie nguo zake wiki hii hii. Kaka amsindikize. Mtoto anahema akitoka tu kisimani, halafu ananisubiri mimi? Naogopa, mama. Silali.

Nisalimie shangazi, na mwalimu wa kwaya, mwambie asimpe mtu nafasi ya Edina. Edina mwenyewe mwambie akamwani nimeacha kuila. Iliyobaki namtunzia yeye. Ndiye mgeni ninayemtaka mlangoni kwangu.

Ni mimi mwanao,
Kemilembe